Nguo ya Leo

Programu ilipowafungia akaunti kwa mara ya tatu, Dobi alikuwa katikati ya mkono wa shati la mkuu wa shule, na hakuinua pasi mpaka alipomaliza mkunjo.

"Safari hii wamesemaje?" aliuliza.

Binti yake alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, simu mkononi. Tangu utotoni alikuwa akiitwa Kibanio, kwa kuwa alichokishika hakukiachia. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mwenzake. "'Akaunti yako imeripotiwa kwa kushukiwa utapeli. Huwezi tena kutuma ujumbe.'"

"Utapeli gani? Tumemwomba mtu hela?"

"Tumemwomba mtu asiyetujua akagonge mlango wa watu, baba. Dakika tano baada ya kumwambia hujambo."

"Mtu kajiandikisha mwenyewe kutafuta rafiki. Akimpata mwenye shida anakimbia?"

"Ndiyo maana wanakimbia. Humo wenye shida tumejaa."

Bibi, mama mkwe wa Dobi, alikuwa kwenye kamba akianika. Hakugeuka. "Mnamwendea mtu na haja mkononi kama wenye kudai," alisema. "Kaeni naye kwanza. Aliyewahi kupata rafiki kwa mara moja ni kupe."

Kibanio alicheka. Dobi hakucheka, lakini alizima pasi, jambo ambalo kwake lilikuwa na maana kwamba amesikia.

Ua ule ulikuwa na kamba sita, mabeseni tisa, meza mbili za kunyooshea na watu watatu. Wa nne alikuwa mke wa Dobi, Mama Kibanio, aliyekwenda miaka mitatu iliyopita kufanya kazi ya ndani katika mji wa mbali. Miaka miwili alipiga simu kila Jumapili. Kisha akanyamaza, na sasa ilikuwa miezi kumi na moja. Ofisi ya wakala aliyempeleka iliwasomea jibu kutoka kwenye karatasi: mfanyakazi ametoroka kwa mwajiri, jina limeondolewa kwenye orodha.

Neno "ametoroka" lilifika mtaani kabla yao. Mteja mmoja, mpima viwanja ambaye mdomo wake haukuwa na breki, aliuliza mbele ya watu wanne, "Vipi, Dobi, pasi imepoa?" Watu wanne wakacheka. Jioni Dobi alimrudishia suruali yake ikiwa imenyooka kama kawaida. Hakujua namna ya kulipiza kisasi kwa nguo.

Walichokuwa nacho ni nakala ya mkataba yenye jina la mtaa, jengo na ghorofa: ya kumi na moja. Na walikuwa na programu ya marafiki, ambayo Kibanio aliitumia tangu darasani. Ndani yake mtu huchagua nchi na mji, kisha hukutanishwa na wageni wanaotaka mazungumzo, na maneno ya kila mmoja hutafsiriwa palepale. Kibanio alikuwa na marafiki waliomtumia picha za theluji na paka. Baba yake aliwaita marafiki wa hewani, mpaka siku alipouliza kama hewani humo kuna mtu wa mji ule.

Akaunti ya nne ilifunguliwa kwa jina la Dobi mwenyewe.

"Hapa wanauliza unapenda nini," Kibanio alisema.

"Kunyoosha."

"Baba, wanataka vitu unavyovipenda. Mpira, muziki, kusafiri."

"Nimeshajibu."

Kwenye picha alikataa kuweka uso. Waliweka pasi, ile ya zamani ya makaa, iliyobaki kushikilia mlango usijifunge.

*

Ni hiyo pasi iliyomleta Fundi Lifti. Alikuwa mtu wa miaka sitini na moja, aliyefiwa na mke, na kazi yake katika mji ule ilikuwa kutengeneza lifti za majengo marefu. Ujumbe wake wa kwanza ulikuja katika tafsiri ya mashine, kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake: "Habari za asubuhi, mheshimiwa wa chuma cha moto. Je, wewe unaelewa madoa?"

"Mwambie naelewa," Dobi alisema.

Doa lilikuwa la chai, kwenye kitambaa cha meza. Mke wa Fundi aliimwaga wiki ya mwisho aliyoweza kukaa mezani. Kwa miaka mitatu Fundi hakukifua kitambaa kile. Sasa alitaka kiwe safi, lakini aliogopa kukiharibu.

Dobi alijibu kama ambavyo angemjibu mteja aliyesimama mlangoni. Maji ya moto yasikiguse. Pasi isipite juu ya doa kwa hali yoyote, kwa kuwa pasi hupika doa. Maji baridi, siki kidogo, kisha jua, kisha subira. Baada ya siku nne arudie. Fundi alifanya hivyo hivyo, na kila baada ya siku nne alituma picha. Kati ya picha na picha alituma mambo mengine: mkate alioukata, kofia yake ya kazi, kebo ya lifti iliyolika. Dobi naye akapiga picha ya kola. "Kola nzuri sana," Fundi aliandika. "Inasimama kama askari."

Kila asubuhi Fundi alianza kwa kuuliza, "Mke wako hajambo?" Na kila asubuhi Dobi alijibu, "Hajambo," kisha wakaendelea na doa.

Bibi alikuwa ametoa sharti: wasimwombe lolote mpaka yeye mwenyewe awape njia. Kibanio aliona ni kuchelewa bure. Dobi alitii, kwanza kwa hesabu, baadaye kwa sababu ambayo hakuitafuta. Aligundua kwamba asubuhi huwa anaangalia simu kabla hajaangalia mawingu, na kwa dobi hilo si jambo dogo.

Siku ya thelathini na nne Fundi aliandika kwamba kesho ni Alhamisi, na Alhamisi huwa anakagua lifti za majengo manne ya mtaa mmoja. Akautaja mtaa. Kibanio alisimama, beseni likabingirika.

"Ndio huo! Baba, ndio huo mtaa!"

Dobi aliagiza maneno, binti akayaandika. Walisema yote: mkataba, ghorofa ya kumi na moja, miezi kumi na moja ya ukimya, karatasi ya wakala. Walimwomba aulize tu kama yupo. Ujumbe ukaenda, ukasomwa. Jibu halikuja siku ile, wala wiki ile.

*

Fundi alinyamaza siku tisa. Siku ya kumi aliandika hivi:

"Nimesoma upya siku zetu zote thelathini na nne. Kila asubuhi nilikuuliza kuhusu mke wako. Kila asubuhi ulisema hajambo. Kwa hiyo mimi ni lifti. Mtu hunipanda ili afike juu."

Kibanio alisoma mara mbili. Dobi alikaa kwenye ukingo wa meza ya kunyooshea, mahali ambapo alikuwa akimkataza kila mtu kukaa.

"Anayo haki," alisema.

"Anayo nusu," Bibi alisema. Alijipangusa povu mikononi, akaja kusimama mbele ya simu kana kwamba mwenyewe yumo ndani. "Andika, mjukuu wangu. Mwambie: kwetu hata aliyevunjika mguu huanza na hajambo. Salamu ni mlango tu. Taabu huingia nyuma yake, ikikaribishwa. Wewe ulifungua mlango, ukasikia hajambo, ukaenda zako kwenye kitambaa. Taabu ikabaki imesimama nje."

"Bibi, hiyo ni kumlaumu."

"Simlaumu. Namweleza nyumba yetu ilivyo. Andika."

Kibanio akaandika. Kisha Dobi akaongeza maneno yake: "Lakini ni kweli tulianza kukutafuta kwa ajili ya mtaa ule. Hilo silikatai. Kola nilikutumia kwa sababu nilitaka uione."

Siku mbili baadaye jibu lilikuja, na halikumtaja mke. "Nijibu jambo moja bila salamu. Doa linatoka, au umekuwa ukiniliwaza?"

Dobi alizikagua picha zote za kitambaa kwa mpangilio. Angeweza kusema litatoka. Haja yake yote ilikuwa mikononi mwa mtu yule, na mtu yule alitaka kusikia kwamba litatoka.

"Mwandikie," alisema. "Doa la miaka mitatu halitoki lote. Litafifia mpaka wewe peke yako ndiye utakayejua lilipo. Zaidi ya hapo utachana kitambaa."

"Baba," Kibanio alisema polepole, "tumngoje kwanza aende huko, halafu ndio tumwambie..."

"Andika."

Jibu lilikuja kabla pasi haijapata moto. "Asante. Alhamisi nitakwenda."

*

Alhamisi Fundi aliongea na mlinzi wa jengo. Mlinzi alisema ghorofa ya kumi na moja hakuna mfanyakazi siku hizi; aliyekuwepo alitoroka. Ni maneno yaleyale ya wakala, labda kwa sababu yalitoka kinywa kimoja. Lakini Fundi, kabla ya kuondoka, alipanda juu ya paa la jengo la pili kukagua mota, na kutoka pale roshani zote za jikoni zilionekana. Alipiga picha ya ghorofa ya kumi na moja. "Samahani," aliandika. "Kuna nguo tu."

Kibanio alikuza picha kwa vidole viwili. Roshani nyembamba, kamba mbili, mashati manane. Yalikuwa yameanikwa kichwa chini, yamebanwa kwenye mishono ya ubavuni ili kibanio kisiache alama kifuani. Kila shati lilikuwa limefungwa kifungo kimoja tu, cha pili kutoka juu, ili kola isilegee. Kati ya shati na shati palikuwa na nafasi ya kupita kiganja. Soksi zilishikwa vidoleni, si kwenye mpira.

Kibanio aliinua macho kutoka kwenye simu akaangalia kamba ya tatu ya ua wao, ambapo mashati ya asubuhi ile yalining'inia kichwa chini, kifungo kimoja kimoja, kiganja kati ya shati na shati.

Bibi aliomba simu. Aliishika mbali, kisha karibu. "Huo ni mkono wangu," alisema. "Nilimfundisha akiwa na miaka tisa. Nilikuwa nampiga vidole kwa kibanio." Akairudisha simu, akaenda kwenye beseni, akaanza kukamua shuka ambalo lilikuwa limeshakamuliwa.

Kwa hiyo alikuwepo. Alikuwa hai, alikuwa anafua, na aliyesema ametoroka alisema uongo. Dobi alichapisha picha kwenye duka la fotokopi, akavaa shati lake la kwendea ofisini, akaenda kwa wakala.

Wakala aliitazama karatasi, akaigeuza kuona kama nyuma pana kitu.

"Nini hii?"

"Ni mke wangu."

"Mzee, hapa naona mashati."

"Ndiyo. Ameyaanika yeye."

Wakala alimwita mwenzake wa meza ya pili aje aone. "Njoo, bwana. Huyu kaleta ushahidi umelowa." Walicheka kwa adabu, kama watu wanaojua kwamba kamera ya ofisi inawatazama. "Sikiliza, mzee. Sisi tunafanya kazi na karatasi. Karatasi inasema ametoroka. Wewe leta karatasi inayosema hajatoroka. Shati halina sahihi."

Dobi alilitazama shati la wakala. Lilinyooshwa likiwa limekauka mno, na mstari wa bega ulikwenda upande. "Lina sahihi," alisema. "Hilo lako limenyooshwa na mtu mwenye haraka." Akachukua picha yake, akaikunja mara moja, akatoka. Ilikuwa kauli yake kali kuliko zote mwaka ule, na alipofika barabarani aliona haijasaidia chochote.

*

Fundi ndiye aliyeleta wazo la tangazo.

Sasa alikuwa ameshamwona. Alhamisi asubuhi mwanamke mwembamba hushuka na watoto wawili kuwapeleka kwenye basi la shule, na mama mwenye nyumba husimama pembeni yake njia yote, kwenda na kurudi. Ndani ya lifti kuna kamera. Kumsemesha ilikuwa kumharibia. Wangemhamisha kesho yake. "Lakini yeye hutazama ukuta," Fundi aliandika. "Na ukuta wa lifti ni wangu. Miaka thelathini nabandika matangazo. Hakuna anayeyasoma isipokuwa mtu asiye na pengine pa kutazama."

Alikuwa pia amekwenda, kwa miguu yake mwenyewe, kwenye ofisi ya mji ule inayowasaidia wafanyakazi walionyang'anywa hati zao. Walimwambia hawawezi kuingia nyumba ya mtu. Lakini atakayefika mlangoni kwao hatarudishwa.

Tangazo lingekuwa na nembo ya kampuni, picha ya lifti, na maandishi ya lugha tatu. Mbili za mji ule, kuhusu uzito na watoto wadogo. Ya tatu ingekuwa yetu, na Fundi angeinakili herufi kwa herufi bila kujua anachoandika.

"Mistari minne," Kibanio alisema. "Amesema isizidi hapo, itaonekana barua."

Dobi alitaka waandike kwamba hakuna aliyeamini kuwa ametoroka. Alitaka waandike kuhusu mabati ya jikoni, kwamba yamebadilishwa, na kuhusu mtihani wa Kibanio. Alitaka pia kuandika jambo jingine, akalianza, akaliacha.

"Weka hayo utamwambia mwenyewe," Bibi alisema. "Mtu aliye shimoni hupewa kamba. Habari atapewa akishatoka."

Walichoandika ni hiki: *Mama Kibanio, tunajua upo. Kila Alhamisi saa nne, gari jeupe la fundi wa lifti lipo chini, ghorofa ya magari. Atakupeleka kwenye ofisi ya kukusaidia. Sisi tupo.*

Mstari wa mwisho ulikuwa wa Bibi. Kibanio alisema hauna taarifa mpya. Bibi alisema huo ndio wenye taarifa.

Walifanya kosa moja, na waliligundua tangazo likiwa limeshabandikwa: hawakumwambia ajibu vipi.

*

Alhamisi ya kwanza Fundi alingoja ghorofa ya magari kuanzia saa nne mpaka saa tano kasoro. Hakuja mtu. Alhamisi ya pili alingoja saa nzima na kukaripiwa na msimamizi wake. Kila mara, kabla ya kushuka, alipanda paani, mahali ambapo aliye jikoni angeweza kumwona, na kutuma picha ya kamba za ghorofa ya kumi na moja. Kifungo kimoja, kiganja kati ya shati na shati. Hapakuwa na kilichobadilika.

"Pengine hajalisoma," Kibanio alisema.

"Kalisoma," Dobi alisema.

"Pengine anaogopa."

Kulikuwa na pengine ya tatu, ambayo mpima viwanja aliwahi kuisema kwa mzaha, na Dobi alikuwa ameibeba tangu siku ile kama mtu anavyobeba kokoto kiatuni mbele ya watu.

Alhamisi ya tatu mpima viwanja mwenyewe alifika mapema. Alikuwa na mkutano mchana na alitaka koti lake siku hiyohiyo.

"Nguo ya leo!" Kibanio alimwambia bibi yake.

Bibi alilifua, akalianika mwisho wa kamba ya kwanza, upande wa mlango wa jikoni, akalifunga vifungo vyote mpaka cha juu kabisa. Ndivyo ilivyokuwa katika ua ule. Nguo nyingine zote hufungwa kifungo kimoja na kuanikwa popote penye nafasi. Lakini ile ambayo mwenyewe anakuja kuichukua siku hiyohiyo hukaa mwisho wa kamba karibu na mlango, vifungo vyote vimefungwa, ili mwenye pasi aione kwa mbali asiulize. Utaratibu huo haukuwa wa Bibi wala wa Dobi. Mama Kibanio aliuleta mwaka wa kwanza wa ndoa, alipochoshwa na mume wa kuuliza kila saa, "Tuanze na ipi?"

Saa tatu na nusu simu ililia. Kibanio alisoma: "Rafiki wa pasi, leo siwezi kungoja chini. Lifti imekwama mtaa mwingine na watu wamo ndani, msimamizi ananiita. Nimepita paani tu kupiga picha. Naondoka sasa hivi. Samahani."

Picha ilifunguka kidogokidogo, kutoka juu kwenda chini. Mashati sita, kifungo kimoja kimoja. Taulo. Soksi. Na mwisho wa kamba, kando ya mlango wa jikoni, gauni la kijani la mikono mirefu. Lilikuwa la pamba, lililopauka mabegani, na ndilo alilovaa siku aliyoondoka. Vifungo vyake kumi na viwili vilikuwa vimefungwa vyote, mpaka cha shingoni.

Dobi aliweka pasi chini, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita aliiweka kifudifudi, juu ya suruali ya mtu.

"Mwambie ashuke," alisema. "Andika! Ashuke chini, asiende popote. Anakuja leo."

"Nimwambie nimejuaje?"

"Usimweleze! Andika: shuka!"

Kibanio aliandika. Ujumbe uliondoka, ukabaki na alama moja: haujafika. Akaandika tena. Alama moja. Ndani ya lifti hakuna mtandao. Fundi mwenyewe aliwahi kuwaambia hilo akilalamika. Alikuwa anashuka kutoka paani, ghorofa kumi na tano, akielekea kwenye gari lake.

Moshi ulianza kupanda kwenye meza. Bibi ndiye aliyeiinua pasi.

Alama ya pili ilitokea saa nne kasoro dakika ishirini. Ujumbe ulisomwa. Kisha likaja neno moja: "Nangoja." Halafu hakuna kitu.

Saa nne ilifika. Ilipofika saa nne na nusu Kibanio aliuliza kama amwandikie, Dobi akasema mtu aliye kazini hasumbuliwi. Saa tano ilipita. Walifanya kazi kwa sababu nguo zilikuwepo. Bibi alianua, Kibanio alikunja, Dobi alinyoosha koti la mpima viwanja mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alisahau kwamba amelinyoosha.

Mpima viwanja alikuja kulichukua saa sita. "Vipi? Mbona mmekaa kama watu wa wodini?"

"Tunasubiri simu," Dobi alisema.

"Ya nani?"

"Ya mke wangu."

Mpima viwanja alifungua kinywa, akamtazama, akakifunga. Alipokea koti lake, akaiangalia kola yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Umelinyoosha vizuri," alisema, na akaondoka akitembea kwa hatua laini.

Saa saba kasoro robo Fundi aliandika. Mashine ilitafsiri kwa viatu vyake vikubwa vilevile. "Rafiki. Alishuka na taka. Alikuwa na mfuko mmoja mdogo na gauni la kijani lenye maji bado. Tumefika ofisini. Mlango umefungwa kwa ndani. Wanasema hati zitachukua wiki nyingi, labda miezi, lazima mjue hilo. Mimi sina kazi tena kwa leo, labda na kesho. Msimamizi amepiga kelele sana. Si kitu. Sasa hamtanihitaji, lakini picha ya kitambaa nitatuma Jumapili."

"Mwambie," Dobi alisema, na ikabidi aanze upya. "Mwambie Jumapili ni mbali. Atume leo."

Chini ya ujumbe ule palikuwa na sauti iliyorekodiwa, sekunde sita. Kibanio alimtazama baba yake. Dobi aliutazama ule mstari mdogo wenye mawimbi, mikono yake ikiwa imebana ukingo wa meza.

"Bonyeza, mjukuu wangu," Bibi alisema.

Kwanza ilisikika pumzi, na kiti kilichoburutwa. Kisha sauti, ya chini kidogo kuliko walivyoikumbuka, iliyokuwa ikijitahidi kukaa sawa.

"Hamjambo huko?"

Ilikuwa rekodi, hapakuwa na mtu upande wa pili wa kuwasikia. Hata hivyo walijibu wote watatu, kwa sauti moja, pale uani kati ya kamba, Bibi akiwa na shati la mtu kifuani.

"Hatujambo."

Mengine yangefuata.